Jibu: Baba hatetemeki tena, ila anapepesuka na amekuwa kimya

Pole sana dada, na shikamoo yangu mfikishie mzee. Umesema mwaka wa nne sasa tangu awekewe waya za ubongo na betri kifuani kule India, kwa ajili ya Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka. Mkono umetulia, lakini anayumba akiinuka, choo kigumu, na hana hamu ya lolote. Unauliza kama kifaa kimeharibika.

Mama yangu, hapa Tabora, naye anacho, na kwake haikuwa kifaa. Kile hutuliza kutetemeka na kukakamaa. Ugonjwa wenyewe unaendelea, na presha na choo vinaweza kusumbua vilevile.

Anza na presha. Alale dakika 5, mpime, kisha asimame, mpime tena baada ya dakika 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, umepata pa kuanzia. Mama alikuwa 130 amelala, 98 amesimama, kang'ang'ania ubao wa kitanda, macho yanamwingia giza. Mpelekee daktari namba hizo na dawa zote anazomeza, za presha zikiwemo.

Huo ukimya, uliza kama levodopa, dawa ya Parkinson, ilipunguzwa baada ya upasuaji. Ya mama ilipunguzwa mno. Daktari alipoipandisha taratibu, siku moja akauliza asali sokoni ni bei gani. Nililia. Msiongeze wala kuacha dawa wenyewe, nakuomba.

Choo: maji, papai, na dawa ya kulainisha kutoka kwa daktari.

Akienda mazoezi ya viungo, aseme ana kifaa. Mashine ya umeme ya kupasha misuli joto asiwekewe kabisa.