Maswali na Majibu: Confucius na Mababu katika China ya Leo

Je, mafundisho ya Confucius ni dini?

Kisheria si dini. Serikali ya China inatambua dini tano, yaani Ubudha, Utao, Uislamu, Ukatoliki na Uprotestanti, na Confucius, mwanafalsafa aliyezaliwa katika mji wa Qufu mwaka 551 KK, hamo. Hata hivyo, mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu unapokaribia kila Juni, wanafunzi na wazazi wao humiminika kwenye mahekalu yake wakichoma ubani na kutundika vibao vya mbao vilivyoandikwa maombi. Wengi wao, ukiwauliza, watasema hawana dini yoyote, na kwa maana yao wanasema kweli.

Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha imani hizo?

Hapana. Tangu ilipofunguliwa mwaka 2005, ikiwa ya kwanza barani Afrika, kazi yake kubwa ni kufundisha Kichina.

Chama cha Kikomunisti kilizipiga vita mila hizi za kumheshimu Confucius na mababu. Zimerudije?

Novemba 1966 Walinzi Wekundu, vijana wafuasi wa Mao, kutoka Beijing waliivamia Qufu, wakavunja sanamu na kufukua makaburi. Mwaka 2008 serikali ya chama hichohicho iliifanya Qingming, siku ya kufagia makaburi ya wazee, kuwa mapumziko rasmi. Lakini ukaribisho huo una mipaka: sanamu ya shaba ya Confucius iliyosimamishwa karibu na Uwanja wa Tiananmen Januari 2011 iliondolewa Aprili mwaka uleule, bila maelezo ya maana. Kwa maoni yangu, serikali inapenda mafundisho yake kuhusu utii na utulivu. Yale yanayomtaka waziri amkosoe mtawala wake hayatajwi sana.

Vijana wa mijini watawezaje kuwatunza wazazi kama mila inavyotaka?

Hili ndilo swali zito. Sera ya mtoto mmoja, iliyodumu hadi mwaka 2015, imewaacha mume na mke wengi wakiwa na wazazi wanne wa kuwatunza, mara nyingi katika mkoa wa mbali. Tangu Julai 2013 sheria inawataka wanaoishi mbali na wazazi wao wawatembelee au wawajulie hali mara kwa mara, bila kusema ni mara ngapi. Confucius mwenyewe asingeridhika: aliwakemea waliodhani kumlisha mzazi kunatosha, kwa kuwa hata mbwa na farasi hulishwa, na pasipo heshima haoni tofauti. Kwa marehemu imepatikana njia ya mkato, maana zipo kampuni zinazofagia kaburi kwa malipo na kumtumia mteja video. Wazazi walio hai bado wanamtaka mwana mwenyewe afike.