Barua kwa mwanangu: mwongo, mwendawazimu au Bwana?

Mwanangu,

Umeniuliza kama hoja ya mwenzako wa kazini inasimama, na kama jibu la baba mwenye nyumba wako linaiangusha. Mwenzako anasema: Yesu alidai kuwa Mungu; basi ama alidanganya, ama alirukwa na akili, ama alisema kweli. Mwongo hakuwa, mwendawazimu hakuwa, limebaki moja. Baba mwenye nyumba anajibu: Mungu hali wala hafi, Yesu alikula, na ninyi wenyewe mnasema alikufa, basi mjadala umekwisha.

Jumapili unajua naenda wapi, kwa hiyo sijifanyi refa. Lakini hoja hupimwa kiungo kwa kiungo, tuanze na ya kwanza.

Hoja hii ilipata umaarufu kupitia C. S. Lewis, mwandishi Mkristo wa Uingereza, aliyeitoa kwenye redio ya BBC wakati wa vita, mwaka 1942, ingawa mifupa yake ni ya zamani zaidi. Umbo lake ni zima: kama milango ni mitatu tu na miwili imefungwa kwa haki, utatokea wa tatu. Kasoro imejificha kwenye hilo "tu". Kuna mlango wa nne: mtu kukosea kuhusu nafsi yake kwa moyo safi. Watetezi hujibu kwamba kujidhania Muumba si sawa na kusahau ulipoweka funguo, tena kwa Myahudi wa karne ya 1. Jibu hilo lina uzito. Mlango wa tano ndio mpana: huenda hakudai hivyo kabisa, bali maneno yaliwekwa kinywani mwake baadaye.

Huo ufuate kwa tarehe. Wataalamu wengi huweka Injili ya Marko karibu na mwaka 70, na ya Yohana kati ya 90 na 100. Kauli kali kama "Yeye Ibrahimu asijakuwako, mimi niko" (8:58) ziko kwa Yohana. Anayejenga milango mitatu juu ya Yohana peke yake amemwita shahidi wa mwisho kuandika. Ila kabla ya Marko kuna Paulo. Filipi 2:6-11, katika barua ya miaka ya 50 au mwanzoni mwa 60, inasema Yesu "alikuwa yuna namna ya Mungu" na kwamba kila goti litapigwa kwa jina lake. Maneno ya goti ni ya Isaya 45:23, na pale anayepigiwa ni Mungu mwenyewe. Kwangu mimi hii ni nzito kuliko milango mitatu, kwa sababu inamnyamazisha anayesema uungu ulibuniwa kwenye mtaguso wa maaskofu wa Nikea mwaka 325. Nikea walibishania jambo jingine: Ario, padri aliyepingwa pale, naye alimweka Mwana juu sana, lakini akasema ameumbwa. Hata hivyo Filipi inathibitisha walichoamini watu wale mapema. Kama walichoamini ni kweli, hilo ni swali la pili, na watu wengi huliruka.

Sasa mstari unaopendwa viwanjani, Yohana 10:30: "Mimi na Baba tu umoja." Neno la Kigiriki ni hen, "kitu kimoja", si "mtu mmoja". Hen hilohilo liko 17:22, anapoombea wanafunzi wawe na umoja kama yeye na Baba. Ukisema neno hilo peke yake linathibitisha uungu, umewafanya na wanafunzi miungu. Lakini usifunge kitabu: aya ya 33 wasikilizaji wameshika mawe, wakisema anajifanya Mungu. Na aya ya 34 anajibu kwa Zaburi ya 82, ambamo wengine wanaitwa miungu. Kwenye mihadhara mmoja husoma ya 30 na ya 33, mwenzake huanzia ya 34, na wote wawili hupigiwa makofi.

Hoja ya chakula ina asili yake katika Qur'ani 5:75, isemayo kuwa Masihi na mama yake walikuwa wakila chakula. Nayo ina umbo zima: vyenye sifa zinazopingana haviwezi kuwa kimoja. Ingekuwa Wakristo wanasema Yesu ni Mungu mtupu, ingewamaliza. Lakini maaskofu kwenye mtaguso wa Kalkedonia, mwaka 451, walisema nafsi moja, asili mbili: alikula kwa ubinadamu wake. Kwa hiyo mshale umepita pembeni.

Usishangilie bado, maana "kwa ubinadamu wake" ni deni. Lijaribu kwenye Marko 13:32, ambapo siku na saa hakuna aijuaye, hata malaika, "wala Mwana, ila Baba". Nafsi ile moja inaijua saa au haiijui? Gauni laweza kuwa jeupe juu na jeusi chini kwa sababu lina vipande. Nafsi haina kiuno. Wengine hujibu kwamba kwa hiari aliacha kuutumia ujuzi wake, wakiegemea Filipi 2:7, isemayo alijifanya kuwa hana utukufu. Ukimfuata anayesema aliuacha kabisa, basi eleza ni vipi anayekosa kujua yote anabaki Mungu. Kwangu huu ndio mstari mgumu kuliko yote. Lakini angalia ngazi yake: watu, malaika, Mwana, Baba. Tena mtunga hadithi angebuni kutojua kwa shujaa wake kwa faida gani? Ugumu wake unaufanya uonekane wa kale, na mle ndani anajiita Mwana, juu ya malaika.

Miujiza iache, haithibitishi uungu. Elisha alifufua mtoto (2 Wafalme 4), na Qur'ani 3:49 yenyewe inamtaja Isa akifufua wafu kwa idhini ya Mungu. Kuzaliwa bila baba hali kadhalika: 3:59 inamtaja Adamu, ambaye naye hakuwa na baba.

Mwenzako muulize anaufungaje mlango wa tano bila kumtaja Yohana. Baba mwenye nyumba muulize anaipinga Kalkedonia au anapinga kitu ambacho hakuna kanisa lililokisema. Huyo wa pili, mlipe kodi kwanza.

Mzazi wako.