Bolti za sabufremu zikazwe kiasi gani?

SWALI: Nimeshusha sabufremu (fremu ndogo ya chini ya gari inayoshika injini na mikono ya magurudumu) kubadilisha bushi, yaani mipira yake. Fundi anasema bolti zikazwe "mpaka zigome". Kipimo chake nakipata wapi? Msomaji, Kizota, Dodoma.

JIBU: Ndugu msomaji, ukisubiri zigome, bolti inaweza kuwa imeshavutika. Kipimo kimo kwenye kitabu cha ufundi cha modeli yako. Kitafute kwa namba ya chesisi. Namba kama 10.9 kichwani mwa bolti ni daraja la uimara wa chuma tu, si kipimo cha kukazia. Kitabu kikisema, kwa mfano, 100 Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) na digrii 90, kaza kwa toki renchi (spana inayopima nguvu hiyo) hadi 100, kisha ongeza robo mzunguko. Bolti za namna hii mara nyingi hutakiwa mpya. Vumbi letu hujaa kwenye meno, lisugue kwa brashi ya waya. Usipake oili kama kitabu hakijasema: oili huifanya iteleze, hivyo kwa kipimo kilekile, bolti itavutwa kupita kiasi.