Kukosa usingizi na sonona (ugonjwa wa huzuni nzito): kipi huanza?

Dada yangu, umeuliza kama kukosa usingizi ndiko kunakomtia mumeo huzuni, au huzuni ndiyo inayomnyima usingizi. Yote mawili hutokea, na moja huchochea jingine, kwa hiyo yatibiwe pamoja. Hilo la kushtuka saa tisa usiku, akakaa barazani mpaka adhana ya alfajiri, na sasa hata ngalawa yake haitaki, usilipuuze. Likiendelea wiki 2 karibu kila siku, huenda ni sonona. Tafadhali asijinunulie vidonge vya usingizi dukani, mwili huvizoea upesi. Hapo Tanga mpeleke hospitali ya Bombo, aeleze yote, si usingizi tu. Na mwulize waziwazi kama anawaza kujidhuru. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikubali, msimwache peke yake, nendeni hospitali usiku huohuo.