Maswali na majibu: Napenda sanaa, nitafanya kazi gani?

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa wanafunzi wa sekondari, walimu wao na wazazi, na zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: kijana anayependa sanaa na utamaduni aelekee wapi? Nimezifupisha kidogo na majina nimeyaondoa.

Shikamoo Mwalimu. Niko Kidato cha Tatu, Morogoro. Napenda mno maigizo na muziki, lakini siwezi kuimba, sijui kucheza ngoma, na nikipanda jukwaani ulimi unakuwa mzito. Je, sanaa si yangu?

Marahaba, mwanangu. Ni yako kabisa. Wewe umeona kile kinachoonwa na watazamaji, na hicho ni kipande kidogo tu cha kazi yenyewe.

Chukua Sauti za Busara, tamasha la muziki la Zanzibar la mwezi wa Februari, lililoanza mwaka 2004. Mtazamaji anaingia Ngome Kongwe usiku, anamwona mwimbaji na bendi yake. Kabla ya hapo kuna mtu aliyewasiliana na wanamuziki kwa miezi kadhaa na kupanga nani apande saa ngapi. Kuna aliyehangaikia viza, tiketi za ndege na vyumba vya kulala. Kuna aliyewaandikia waandishi wa habari. Kuna fundi aliyevuta nyaya na kujaribu kila mikrofoni mchana wa jua kali, na mwenzake aliyepanda juu kufunga taa. Halafu yuko meneja wa jukwaa, amesimama pembeni na ratiba mkononi, akihakikisha bendi moja inashuka na nyingine inapanda upesi, tena bila chombo cha mtu kupotea. Hakuna hata mmoja wao anayeimba.

Huyo meneja wa jukwaa nakuomba umfikirie zaidi, maana watu wengi hawajui hata kama yupo. Katika maigizo yeye ndiye anayeandika kwenye nakala yake ya mchezo kwamba fulani anaingilia kushoto, taa inafifia kwenye neno hili, kiti kinaondolewa baada ya onyesho la pili. Mwigizaji akiugua, nakala hiyo ndiyo inayomwezesha mwingine kushika nafasi yake. Inatakiwa mtu mtulivu, anayeheshimu saa, anayekumbuka vitu vidogo, na anayeweza kumwambia mtu maarufu "jiandae, ni zamu yako" bila kubabaika. Mwombe mwalimu anayesimamia maigizo shuleni akupe kazi hiyo kwa mchezo mmoja tu. Mazoezi yakiisha utakuwa umejijua.

Pa kusomea papo. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa, haifundishi ngoma, muziki na maigizo peke yake. Inafundisha pia sanaa za ufundi na ufundi wa jukwaa. Ukipata nafasi ya kwenda kwenye Tamasha la Bagamoyo, usitazame jukwaani muda wote. Geuka nyuma, umwangalie aliyekaa kwenye mitambo.

Mimi ni msichana wa Kidato cha Nne, Tanga. Nachora na nashona. Baba anasema sanaa haina pesa, nisome sayansi. Nimwambie nini?

Usimbishie baba. Hofu yake ina sababu, nami sitakudanganya: msanii anayejitegemea hupata leo na kesho akakosa, na wengi ninaowafahamu wana kazi ya pili inayolipa kodi ya nyumba. Kijana akiingia humu bila kuambiwa hivyo, atavunjika moyo mwaka wa kwanza.

Lakini baba anapolisikia neno sanaa pengine anawaza mwimbaji na mwigizaji tu. Zipo kazi zenye mshahara wa kila mwezi: afisa utamaduni wa halmashauri, mwalimu wa sanaa, mhifadhi wa makumbusho, mhariri wa picha kwenye kituo cha televisheni, mbunifu wa michoro kwenye kampuni ya matangazo au ya uchapaji. Wewe unayechora na kushona kwa pamoja una njia nyingine tena, ya ubunifu wa mavazi, kuanzia sare na nguo za harusi hadi maleba ya filamu na maigizo. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA vinafundisha ushonaji, na ufundi huo utakulisha hata ukiendelea na masomo mengine.

Kisha kuna hakimiliki, ambayo shuleni haitajwi sana. Sheria ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyoanzisha COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania, inampa mtunzi haki juu ya kazi yake kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki. Mchoro wako ukiwekwa kwenye khanga, kalenda au jalada la kitabu, kila matumizi ni jambo la kukubaliana na kulipana. Inaniuma ninapoona vijana wameuza kila kitu kwa malipo ya siku moja kwa sababu hawakuisoma karatasi waliyotia saini. Kusoma mkataba ni sehemu ya ufundi, sawa na kushika brashi.

Na hiyo sayansi usiitupe. Anayehifadhi vitambaa na nyaraka za kale anahitaji kemia. Fundi sauti hawezi kuikwepa fizikia. Mshonaji asiyejua hesabu anapoteza kitambaa. Mwambie baba kwamba unabaki na masomo yako, na umwombe jambo moja: mwende pamoja kumwona mtu mmoja anayeishi kwa kazi hii, na maswali ya pesa aulize yeye mwenyewe.

Nichague tahasusi gani ili niende kusomea sanaa chuo kikuu?

Mwaka 2024 orodha ya tahasusi, yaani michepuo ya masomo, za Kidato cha Tano iliongezwa sana, na sasa zimo za sanaa na za michezo. Tatizo ni kwamba si kila shule inazo. Muulize mwalimu wa taaluma kabla ya kujaza fomu, na usome sifa za kujiunga za chuo unachokitaka, kwa sababu kila programu ina masharti yake. Zile za lugha na historia, kama HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), bado zinafungua milango mingi ya upande huu: fasihi, uandishi, tafsiri, uhariri, utangazaji, urithi.

Assalaam alaykum. Niko Unguja, Kidato cha Pili. Babu alikuwa fundi seremala wa milango. Mimi napenda nyumba za zamani za Mji Mkongwe. Hii nayo ni kazi au ni mapenzi tu?

Waalaykum salaam, mwanangu. Ni kazi, tena watu wake hawatoshi.

Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Jina hilo halizuii ukuta kuanguka. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka, jumba ambalo kila mtoto wa Unguja analijua. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na kila kimoja kati ya hivyo kina tabia yake. Mtu akiziba ufa kwa saruji anadhani amesaidia, kumbe ameufungia unyevu ndani. Chokaa huuacha ukuta upumue, saruji huubana, na jiwe linaanza kuoza taratibu pasipo mtu kuona. Kwa hiyo fundi anayejua kuandaa chokaa, kuipiga na kuipa muda wake, ni mtu wa kutafutwa.

Tazama na Kilwa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliwekwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakaingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na mwaka 2014 yakatolewa humo baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Kazi ile ilifanywa kwa mikono ya watu, wa nyundo na wa kalamu.

Nawe una njia hizo mbili. Ya mkono ni uanagenzi: kukaa kwa fundi, kumshikia patasi, kufagia vumbi, mpaka akuachie ua moja la mlango ulichonge. Ya kitabu ni kusomea akiolojia na urithi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au usanifu majengo Chuo Kikuu Ardhi. Kwa maoni yangu anayezipita zote mbili ndiye atakayehitajika kuliko wote, na wewe umeshazaliwa karibu na ile ya kwanza. Kama patasi za babu bado zipo nyumbani, ziombe.

Anza hivi: chagua mlango mmoja mtaani kwenu, omba ruhusa kwa mwenyewe, uupime kwa futi, uuchore kwenye daftari lenye mirabaraba, uandike tarehe na kila sehemu iliyoharibika. Ukimaliza, nenda wa pili. Daftari hilo liweke vizuri, maana siku utakapobisha hodi kwenye Mamlaka ya Mji Mkongwe utakuwa na kitu cha kuonyesha.

Mimi ni mwalimu wa shule ya upili, Kilifi. Tunaandaa siku ya taaluma kwa wanafunzi wanaopenda sanaa. Tumefikiria kumwalika msanii mashuhuri. Una maoni gani?

Ndugu mwalimu, mwalike ukipenda, lakini asiwe peke yake. Nyota akija, wanafunzi watapiga picha na kushangilia, na jioni watakuwa hawajui zaidi ya walivyojua asubuhi. Mtafute fundi sauti wa redio ya hapo karibu, mwongoza watalii, mpiga picha za harusi, mfasiri, mchoraji wa mabango. Watu hawa hulala na kuamka humo humo mjini, na mwanafunzi anaweza kuwarudia wiki inayofuata.

Wape wanafunzi maswali ya kuuliza, ama sivyo wataishia "ulianzaje?" Waulize: Leo asubuhi ulifanya nini? Mara ya mwisho ulilipwa na nani, na uliisubiri pesa hiyo kwa muda gani? Kitu gani kwenye kazi hii hukipendi? Ungekuwa na umri wangu ungejifunza nini kwanza? Nimeona maswali haya ya kawaida yakiwafumbua macho wanafunzi kuliko hotuba.

Mkiweza, watoeni shuleni. Fort Jesus ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, haiko mbali nanyi. Magofu ya mji wa kale wa Gedi yako karibu zaidi. Msiwapeleke kutembezwa tu. Andikieni mapema, muombe kikundi kidogo kikae na watu wanaosafisha, kuandika na kupanga vitu ambavyo mgeni havioni.

Kwenu Kenya wakati ni mzuri. Gredi ya 10 ya kwanza ya mtaala mpya ilianza Januari 2026, na mojawapo ya mikondo mitatu ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kazi ya shule ni kuhakikisha mtoto anauchagua kwa sababu ameiona kazi, na hatupwi huko kwa kuwa alama zake za hesabu ni ndogo. Hilo la pili likizoeleka, mkondo wote utadharauliwa.

Nachora kwa simu. Sina kompyuta wala rangi. Naweza kuitwa mchoraji?

Ndiyo. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia vipande vya mbao nyembamba za dari na rangi ya baiskeli, na leo mtindo wote una jina lake. Lakini usichore kwa simu tu. Penseli na karatasi ni bei ya chini, na vinaufundisha mkono subira. Tunza kazi zako 15 bora, kila moja na tarehe, na ukipata iliyo bora zaidi, iondoe iliyo dhaifu. Ukifika Dar es Salaam, tembelea Nafasi Art Space, Mikocheni, uwaone wachoraji wakiwa kazini.

Nina miaka 17. Mtu anayejiita produsa ameniahidi nafasi kwenye filamu. Anataka nitume pesa ya usajili, kisha tukutane hotelini peke yetu. Niende?

Usiende, na usitume hata shilingi. Kazi ya kweli haimtozi mwigizaji pesa ili aajiriwe, na usaili wa kweli una mahali panapojulikana, mchana, na mzazi wako anaruhusiwa kuwapo. Mwambie mtu mzima unayemwamini leo hii, na usifute ujumbe wake. Simu ya msaada kwa mtoto ni 116, haina malipo. Anayedai mwili ili atoe kazi anatenda kosa la jinai, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea taarifa kwa 113. Wewe hujakosea kitu kwa kupenda kuigiza.

Nimemaliza Kidato cha Nne, nasubiri matokeo. Nipo tu nyumbani, Songea. Nifanye nini?

Omba kwenda kutazama kazi. Songea mna Makumbusho ya Majimaji. Andika barua fupi, mfano huu:

"Ndugu Mhifadhi, mimi ni kijana niliyemaliza Kidato cha Nne mwaka huu. Napenda historia na ningependa kujua kazi ya makumbusho inavyofanyika. Naomba ruhusa ya kuja siku mbili kwa wiki, kwa mwezi mmoja, nitazame na kusaidia kazi ndogondogo kama kufagia, kupanga viti na kupokea wanafunzi wanaotembelea. Siombi malipo. Mzazi wangu anajua na amekubali. Nitashukuru kwa jibu lolote."

Iandike kwa mkono kama huna pa kuichapa, uipeleke mwenyewe asubuhi, na uweke namba ya simu ya mzazi. Wasipojibu kwa wiki mbili, rudi ukaulize. Wakikataa, peleka barua hiyo hiyo kwa afisa utamaduni wa manispaa, ubadilishe sentensi ya makumbusho.