Uzio usiogeuka utambi wa moto

Mwenzetu ameuliza ni uzio wa aina gani unaofaa kwa nyumba iliyo jirani na msitu unaoungua kila kiangazi, na kama mbao zilizopakwa dawa ya kuzuia moto zinatosha. Kwa yaliyonipata, ningeanza na pale uzio unapogusana na ukuta wa nyumba.

Uzio wangu wa kwanza ulikuwa wa mbao, na ubao wa mwisho ulipigiliwa ukutani. Moto ulipita mbali, ng'ambo ya bonde, lakini upepo ukaleta cheche, nazo zikatua kwenye majani makavu yaliyorundikana chini ya uzio. Nilipotoka sikuona miali. Niliona mstari mwembamba mwekundu ukitambaa kwenye ncha za chini za mbao, ubao mmoja hadi mwingine, kuelekea nyumbani. Tuliung'oa ubao wa mwisho kwa nyundo ukiwa umekwisha kuwa mweusi.

Tangu hapo, kipande kinachokutana na nyumba, angalau mita 1.5, nimekijenga kwa matofali, na geti la upande huo ni la chuma. Asiye na uwezo wa kubadilisha uzio wote aanze na kipande hicho, kwa sababu ndicho kinachokata njia ya moto. Kwingineko, matofali, mawe na zege haviungui, na mabati ya chuma yanafaa mradi nguzo na fremu zake zisiwe za mbao. Alumini nayo haishiki moto kirahisi, ila huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi za Selsiasi, ilhali chuma huhitaji zaidi ya 1,300. Wavu wa chuma hauungui, lakini haukingi cheche, na ukiuachia mimea itambae juu yake utakuwa umejenga ua wa kuni. Plastiki siishauri karibu na nyumba, kwani hulainika na kulegea kwa joto, na takataka zikiwaka chini yake nayo huungua.

Kuhusu dawa, mvua na jua huipunguza nguvu, kwa hiyo mbao zilizopakwa miaka kadhaa iliyopita zihesabiwe kuwa mbao za kawaida.

Nakuomba pia usisimamishe uzio mpya sambamba na wa zamani wa mbao. Nafasi nyembamba katikati yake hukusanya majani usiyoweza kuyafagia, na moto ukiingia humo, kila upande huupashia mwenzake joto.