Sanduku nalo Lipigwe Picha: Kwa Mnaoanza Zamu Kwenye Picha za Kauri za Japani

Wadogo zetu, kila muhula makosa yaleyale yanarudi kwenye rekodi za picha tunazoingiza kwenye kompyuta. Someni haya kabla ya kuwasha skana.

1. Slaidi ya milimita 35 (kipande cha filamu chenye picha, ndani ya fremu ndogo) ina upande unaong'aa na upande uliofifia. Ukiugeuza, picha inatoka kinyume na programu haikuonyi. Tafuta maandishi yoyote pichani, uyalinganishe na slaidi yenyewe. Bakuli la chai lina uso wake, yaani upande wa mbele. Likigeuzwa, anayelichunguza anadanganyika.

2. Sanduku la mbao linalohifadhi chombo cha kauri si kifungashio tu! Hapa ndipo tunapoumia. Mfinyanzi huandika kwenye kifuniko aina ya chombo na jina lake, kisha anagonga muhuri. Mfinyanzi Hamada Shoji (1894–1978), wa mji wa Mashiko, Japani, hakuwa na desturi ya kutia sahihi kwenye vyungu vyake. Sahihi ilikaa sandukuni. Sasa mgeni wa zamu anapiga picha za bakuli, anazipa namba, halafu picha za kifuniko anazitupa kwenye folda ya "mengineyo". Rekodi inabaki "bakuli, mfinyanzi hajulikani". Mwanafunzi anayeandika tasnifu anatafuta jina la Hamada, hapati kitu, na jibu lilikuwa humo humo ndani. Kwa hiyo fanyeni yote kwa kikao kimoja, kwa namba moja yenye a, b, c: kifuniko juu, kifuniko chini (sahihi nyingi ziko huko), sanduku zima, kisha bakuli mbele, nyuma, ndani na kitako. Kadi ya rangi (ya kulinganishia rangi za picha) na rula ziwemo kwenye picha ya kwanza. Kwa kitako, liinamishe bakuli juu ya kitambaa kinene, ulishike kwa mikono miwili, pete umevua, wala usilinyanyue kwa ukingo.

3. Michirizi myekundu kwenye chungu cha Bizen (ufinyanzi wa eneo la Bizen, Japani) si doa. Inaitwa hidasuki, na inatokana na majani ya mpunga yaliyozungushwa kwenye udongo kabla ya kuchomwa. Mstari wa dhahabu wa kintsugi, kwa upande wake, ni ukarabati: andika hivyo, wala usiuite pambo.

4. Imari ni bandari. Kauri nyingi zenye jina hilo zilitengenezwa Arita, basi mahali pa kutengenezwa jazeni Arita, na Imari iende kwenye jina la mtindo.

5. Wajapani hutanguliza jina la ukoo. Hamada Shoji na Shoji Hamada ni mtu mmoja, msimfungulie rekodi mbili.